Magoti ya Ngazi

Kulikuwa na fundi mwashi mmoja, mrefu mpaka watu walimwita Ngazi, ambaye hakuogopa kitu isipokuwa maji. Ghorofa ya nne alisimama juu ya ubao mwembamba akipiga mluzi, lakini mbele ya pipa lililojaa alikaa kwa adabu kama yuko kwa wakwe. Utotoni alitumbukia ndani ya pipa kichwa chini, akavutwa kwa kifundo cha mguu akiwa ameshakunywa nusu yake. Tangu hapo alioga kwa kikombe. Mkewe alisema hajawahi kuona mtu anajimwagilia kama mche wa nyanya.

Basi Ngazi akaokoka, na hakuokoka kidogo. Jumatatu aliacha pombe, Jumanne akaacha matusi, Jumatano nyundo ikamgonga kidole ikabidi aanze upya. Kila ibada alisimama kushuhudia: "Nimempa Bwana vyote! Sikubakiza hata chembe!" Waliokaa nyuma yake waliitikia amina kwa nguvu, wakiomba aketi, ili nao waone mbele.

Kanisa likampa kazi ya kujenga kisima cha ubatizo, kizame ndani ya sakafu. Mchoro ulitaka maji yafike kifuani. Ngazi alichimba mpaka kina hicho, akasimama ukingoni akitazama chini, akarudi nyuma hatua mbili. Yeye mwenyewe alikuwa hajabatizwa, na alijua yumo kwenye kundi la kwanza. Akarudishia kifusi, akashindilia, akamwaga zege juu yake. Kina kilichobaki kilipita magoti kidogo tu.

Mchungaji, mtu mfupi mnene mwenye sauti ya watu wanne, alikuja kukagua.

"Fundi, hiki kisima au karai?"

"Nimekutana na mwamba, Mchungaji."

"Mwamba?"

"Mwamba hasa. Tindo imekataa kabisa."

Uso wa Mchungaji uling'aa. Jumapili hiyo alihubiri juu ya mwamba. Iliyofuata, mwamba tena. Ya tatu aliwaita waumini wote wapite mbele, wakanyage mahali ambapo Mungu aliweka mwamba kabla kanisa halijakuwepo. Ngazi akapanga foleni na wenzake, akakikanyaga kifusi chake kwa heshima zote.

Siku ya ubatizo ikafika. Fundi cherehani, dada mwembamba kama uzi wake, alichuchumaa mara moja akapotea majini, akaibuka anaimba. Zamu ya Ngazi ikaja. Mchungaji akamshika mgongoni, akamlaza. Kisima kilikuwa kifupi kuliko yeye: kichwa kikazama, magoti mawili yakatokeza juu kama visiwa. Akayasukuma magoti chini, kichwa kikaibuka.

"Kunja magoti, baba watoto!" mkewe alipaza sauti kutoka benchi la mbele.

"Nikikunja natokeza tumbo!"

Kanisa zima likacheka. Shemasi mmoja akajitolea kuingia akalie magoti. Walijaribu mara tatu, na mara zote tatu kipande fulani cha Ngazi kilibaki nchi kavu. Mwishowe Mchungaji, anahema, akateka maji kwa kiganja akayamwagia yale magoti.

"Yatosha, ndugu yangu. Sehemu kubwa imeingia. Mungu anaona moyo."

Hapo ndipo palipomwuma. Maana kama Mungu anaona moyo, basi ameshakiona na kifusi. Kwaya ilikuwa imeshaanza wimbo. Angeweza kutoka, ajifute, apewe cheti, aende nyumbani kula. Lakini Ngazi alibaki ameketi ndani ya yale maji machache, nguo imemganda, kama mtoto aliyekataa kutoka kwenye beseni.

"Mchungaji," akasema, "hakuna mwamba."

Kwaya ikanyamaza sauti moja moja, besi wakiwa wa mwisho.

"Unasemaje?"

"Ni kifusi. Nilichimba kina chote, nikaogopa, nikafukia. Nilisimama hapa nikasema sikubakiza, kumbe nilibakiza futi mbili."

Mkewe alijifunika uso kwa kitenge. Mchungaji alikamua maji kwenye mikono ya kanzu.

"Jumapili tatu, fundi."

"Tatu, Mchungaji. Ya tatu ulitukanyagisha."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na kicheko. Mchungaji alimkazia macho, kisha mashavu yake mwenyewe yakaanza kutetemeka.

"Una tindo ngapi?"

"Mbili."

"Kesho asubuhi niletee moja."

Walivunja zege pamoja, siku mbili nzima. Mchungaji alijigonga kidole, akataja jina la Bwana kwa namna ambayo Ngazi, kwa huruma, aliamua kuichukulia kama sala. Wakazoa kifusi, wakasakafu upya, wakaacha zege ikomae. Jumapili mbili baadaye maji yalijazwa, ya kijani kibichi, na sakafu haikuonekana.

Ngazi alishuka ngazi ya kwanza meno yakigongana. Kwenye ya tatu miguu iligoma. Hakuna aliyecheka.

"Tunaweza kungoja," Mchungaji alinong'ona. Yeye alisimama juu ya kibao, maana maji yangemfika kidevuni.

"Usiningoje. Nikipiga teke, usiniachie. Nikikusihi unitoe, nizamishe kwanza."

Akashuka. Maji yakamshika tumbo, kifua. Akafumba macho, akafunga mikono kifuani, na mkono ulio mgongoni mwake ukamlaza. Hofu yote ya utotoni ikamjia puani kwa mkupuo. Miguu ilitaka kurusha mateke. Akaiacha ielee. Juu yake maji yakajifunga, kimya, hakuna kwaya wala mke wala kipande kilichobaki nje, na ndani ya kimya kile akasema moyoni, "Chukua."

Alipoinuliwa alikohoa mpaka machozi, makamasi yakamtoka bila aibu, akamkumbatia Mchungaji nusura amwangushe kibaoni.

"Nimeingia wote?"

"Wote," Mchungaji alisema. "Mpaka visigino."

Mkewe alikuwa ameshafika ukingoni na taulo, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Ngazi akampa mkono amvute atoke, kisha akasita, akageuka kuyatazama yale maji. Bado aliyaogopa. Akainama, akayachota kwa viganja viwili, akanawa uso.