Uzito wa Pembe Moja

Nimeuza vitenge miaka ishirini na sita, kwa hiyo mtu akiniambia ana kitenge ambacho hakipo, ninaanza kwa kumkasirikia. Aliyeniambia hivyo ni Elikia, mtoto wa marehemu dadangu Charlotte, anayeniita Maman. Ilikuwa Jumanne asubuhi, nimesimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai. Kwenye kioo cha kompyuta yake mwanamke alikuwa anavuka daraja kwa mguu. Upepo ukamvua kitenge kiunoni, kikapaa kidogo, kikashuka mpaka mtoni. Nikauliza walikinunua wapi, maana ile buluu yenye maua ya machungwa sijaiona soko la Kadutu kule Bukavu wala sokoni kwetu Kamembe. Akasema hakuna aliyekinunua. Daraja halipo, mto haupo, kitenge hakipo. Aliyekuwepo ni mwanamke tu, naye alitembea ndani ya ukumbi huko Kigali, juu ya sakafu iliyopakwa rangi ya kijani.

Tunaishi Kamembe wawili, mimi na yeye. Mimi ninavuka mpaka kwenda Bukavu, Kongo, kutafuta mali ya kuuza na kurudi, yeye anakaa na mashine yake. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati la Charlotte, lenye kufuli kubwa. Ufunguo wake ninaufunga kwenye pembe ya kitenge nilichovaa, fundo gumu, vile wanawake wa kwetu tunavyofunga kila kitu kidogo tusichotaka kipotee. Nikibadili kitenge, ufunguo unahamia fundo jipya. Miaka mitatu sasa, tangu mazishi, sanduku sijalifungua. Elikia aliniomba mara moja tulifungue pamoja, nikamjibu vibaya, naye hakurudia.

Asubuhi ile alikuwa na uso wa mtu aliyekesha. Kazi yenyewe ilikuwa ya mchezo wa televisheni. Mwongozaji wake, kijana wa Kigali anayeitwa Ganza, alikuwa na sehemu moja ambayo hakuweza kuipiga picha, kwa sababu daraja la mpakani si mahali pa kusimamisha kamera unavyotaka. Mfanyabiashara anavuka, upepo unamvua kitenge, ndugu zake wanakiokota chini mtoni na kuanza kumlilia kumbe yu hai. Elikia alipewa atengeneze daraja, mto na kile kitenge. Daraja lilikubaliwa, mto ulikubaliwa. Kitenge kilirudishwa mara mbili. Ganza hakusema kina kosa gani. Alisema tu kwamba haamini. Kama Ijumaa saa sita mchana angekuwa bado haamini, sehemu hiyo na nyingine zote zilizobaki wangepewa watu wa ng'ambo, na Elikia angerudi kuhariri video za harusi.

Nilipaswa kuwa nimeshavuka mpaka saa ile, lakini nikavuta kiti. Nilidhani anachora kitenge kinavyoanguka, picha moja moja. Akacheka, akasema yeye hachori kabisa. Kitenge chake ni wavu wa nukta maelfu, kila nukta imeshikana na jirani zake. Yeye anaiambia mashine uzito wa kitambaa, ugumu wake kukunjika, upepo unatoka wapi, halafu anakiachia. Mashine inapiga hesabu ya kila nukta, nani amemvuta nani, picha ishirini na tano kwa sekunde moja. Hata yeye hajui kitaangukaje mpaka kianguke. Jambo hilo lilinishika kabisa. Nikauliza kama kikiloa kinakuwa kizito. Akasema ndiyo. Nikauliza kama kinachakaa. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

Basi nikataka kujua uzito ule aliutoa wapi. Akasema alichukua kitenge kimoja dukani kwangu, akakipima, akakikunja, akakiangalia kinavyosimama. Hapo nikaweka kikombe chini.

"Ile ni mupya," nikamwambia. "Iko na amidon, ule wanga ya kiwanda, ndani, inasimama yenyewe. Mwanamke mwenye anavuka na mali, kikwembe mupya anaivaa ndani. Ya juu ni ya zamani, juu macho ya bantu ya ushuru isimame pale."

Akanitazama kiunoni. Hata wakati ule nilikuwa nimevaa viwili, cha zamani juu, kwa mazoea tu, wala sikuwa na mali. Mtoto huyu ameniona nikivaa hivyo tangu ananyonya, akasahau kuona. Akageukia mashine, akapunguza ugumu, akalainisha, akakiachia tena. Kikaanguka vizuri zaidi. Tukakitazama mara tano. Mara ya tano nilisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba bado si cha mtu. Nini kimekosekana sikuweza kumwambia, na hilo liliniudhi kuliko yote. Nina vidole vinavyojua kitambaa gizani, halafu nashindwa na kitambaa kisichokuwepo.

Jumatano tukapanda pikipiki mbili kuelekea Nyakabuye, kwenye daraja dogo juu ya mto ambao msimu huo ulikuwa umejaa na kuwa rangi ya chai ya maziwa. Elikia alitaka kuona kitenge cha kweli kikianguka. Alikuwa na simu mbili. Moja aliisimamisha juu ya daraja, ya pili tukampa mama mmoja, Mukandori, aliyekuwa akipalilia maharage pale chini ukingoni. Mukandori alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Alichotaka ni kuambiwa kwa nini watu wawili wenye akili wametoka Kamembe kuja kutupa nguo. Elikia akamweleza kwa Kinyarwanda, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali langu la Jumanne: kama hicho cha kwenye mashine kikiloa kinakuwa kizito. Nikampenda papo hapo.

Nilikuwa nimeleta vitenge vitatu vya zamani. Nilikuwa pia nimevifua na kuvipiga pasi usiku uliotangulia, kwa sababu siwezi kutembea na nguo chafu mbele ya watu, hata kama zinakwenda kutupwa. Kosa hilo ni langu. Vilishuka bapa kama shuka za kitanda, kimoja baada ya kingine, na Mukandori akavivua kwa mpini wa jembe. Elikia akasema tujaribu tena. Tukajaribu tena. Akasema labda upepo. Nikasema upepo hauna kosa. Jua lilikuwa kali, pikipiki zinasubiri, na yeye alikuwa ananiambia nishike pembe hii, niachie ile, mimi niliyeanza kushika vitenge kabla hajazaliwa. Uvumilivu ukaniishia. Nikafungua kile cha juu nilichovaa mwenyewe, chenye jasho langu la asubuhi nzima, nikakirusha.

Hicho hakikushuka bapa. Pembe moja ilitangulia, na kitambaa chote kikazunguka nyuma yake, kikafunguka mara moja tu, wazi kabisa, maua yote yakaonekana, halafu kikavutwa chini na kuingia majini kwa kichwa. Mukandori alisogeza jembe lakini mkondo ulikuwa umeshakibeba katikati.

Elikia alikuwa ameacha mdomo wazi. "Maman, ile pembe imevutwa na nini?"

Mkono wangu ulikwenda kiunoni kabla ya kumjibu. Ukakuta kitenge cha ndani, kipya, kigumu, kisicho na fundo.

Tulitafuta kandokando ya mto mpaka mchana ukaisha. Mukandori aliacha maharage yake akatafuta nasi. Kitenge hatukukiona, na ufunguo uliofungwa ndani yake, nani angeuona kwenye tope lile. Njiani kurudi, tuliposimama kuweka mafuta, nilimwambia Elikia neno ambalo ningependa kulirudisha mdomoni.

"Filme yako njo imekula funguo ya mama yako."

Alivaa kofia yake ya pikipiki na kuangalia mbele.

Alhamisi sikuvuka. Nilikaa chumbani na sanduku miguuni, nikisikiliza feni ya kompyuta ikilia ng'ambo ya ukuta. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, kwa sababu niliyerusha ni mimi. Saa nne hivi akabisha mlango. Alikuwa na karatasi na kalamu. Akauliza ufunguo ulikuwa na urefu gani.

Nilidhani ananidhihaki, nikamwambia aondoke. Hakuondoka. Akauliza ulikuwa na meno mangapi, na kama kichwa chake kilikuwa na tundu. Nilitaka kunyamaza, lakini mimi nina ugonjwa mmoja, siwezi kuulizwa kitu ninachokijua nikakaa kimya. Nikampimia kwenye kidole, mpaka kiungo cha pili. Meno matatu, la katikati limelika. Kichwa cha mviringo chenye tundu. Chuma cha zamani, kizito kuliko unavyodhani ukikitazama. Akaandika yote, akashukuru, akarudi kwenye mashine. Nikabaki najiuliza ya nini yote hayo kwa kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona.

Ijumaa saa nne alituma. Saa tano Ganza akapiga simu, na Elikia akaweka sauti ili nami nisikie. Kwanza tukasikia anairudia ile sehemu, na kuirudia tena. Kisha hakuzungumzia kitenge hata kidogo. Akauliza yule mwanamke alikuwa anakwenda wapi, na kama ana watoto. Elikia akasema hajui. Ganza akasema naye hajui, na kwamba sehemu zilizobaki zote azifanye Elikia, mpaka mwisho wa mchezo.

Simu ilipokatika nilimkumbatia, na nikamwambia asinishike sana maana bado nina hasira. Akacheka. Nikamwambia anionyeshe.

Kilianguka. Pembe ilitangulia, kitambaa kikafuata, kikafunguka mara moja, kikaenda. Nilikijua. Kilikuwa na rangi za watu wengine, lakini kilikuwa changu. Nikamuuliza amefanyaje. Akasimamisha picha kitenge kikiwa bado hewani, akaikuza ile pembe mpaka fundo likajaa kioo kizima. Kisha akabonyeza kitu, kitambaa kikatoweka, na ndani ya fundo ulikuwepo ufunguo. Mdogo, wa kijivu, kichwa cha mviringo. Nilihesabu meno. La katikati lilikuwa limelika.

"Nani ataona hii?" nikamuuliza.

"Hakuna muntu, Maman."

"Sasa juu ya nini umeiweka?"

"Kwanza niliweka uzito tu, na ilianguka vile vile. Lakini nilitaka funguo ikuwe fasi ingine pia, isibakie mu mayi tu."

Nililia, sitaficha. Nikamwomba akirudishe kitambaa, kisha akiangushe tena, na akakiangusha mara nane, na kila mara, kabla tu ya kugusa maji, nilimwambia asimamishe. Alisimamisha bila kuuliza. Mara ya tisa nikakiacha kiende.

Halafu nikamwambia nilichopaswa kumwambia miaka mitatu iliyopita. Sanduku lile sikulifunga kwa ajili ya wezi wala kwa ajili yake. Niliogopa kwamba nikilifungua, harufu ya Charlotte itatoka nje na haitarudi tena, na nitakuwa nimebaki na nguo tu. Elikia alisikiliza, akaifuta miwani yake kwa pindo la blauzi. Nikamwambia alete nyundo.

Kufuli lilikuwa gumu, likatushinda mara tatu, mimi nikipiga na yeye akishika, kisha yeye akipiga na mimi nikishika. Lilipoachia tuliinama pamoja. Harufu ilikuwepo, sabuni ile ya bei rahisi na kitu kingine, nayo ikatoka kweli, nikaivuta yote niliyoweza. Kitenge cha juu kabisa kilikuwa cha kijani, kilichochakaa, kile Charlotte alichovaa akivuka kwenda Bukavu. Elikia akakiinua kwa mikono miwili, taratibu, na pembe moja ikatangulia chini kuliko nyingine.

Kulikuwa na fundo. Alilishika kiganjani, akalipima juu na chini, macho yake kwangu, na akaniuliza ninadhani mama yake alifunga nini mle ndani.

Nikamwambia sijui, afungue.