Mpini na Pedali

Ndege ilipogusa lami, upepo wa ziwani uliisukuma pua kushoto. Achola alitaka kuirudisha kulia, lakini mguu wake wa kushoto ndio uliokanyaga pedali. Pua ikazidi kwenda kushoto, nyasi za kando zikawajia mbio, mpaka Kapteni Pius, mwalimu wake, akakanyaga pedali za upande wake akainyoosha.

"Kulia ni kulia," alisema walipokwisha kuegesha. "Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Najua, mwalimu."

"Kichwa kinajua. Mguu ndio haujui. Ijumaa ulitua vizuri, nikasema huyu Jumatatu namwachia ndege aruke peke yake. Leo umerudi kama hujawahi kuona pedali. Wiki iliyopita hivyo hivyo. Mwisho wa wiki unakunywa nini?"

"Sinywi. Namwendeshea baba mtumbwi."

Pius akataka kujua unaendeshwaje. Achola akaeleza, mkono ukionyesha hewani: mashine iko nyuma, ukitaka kwenda kulia unasukuma mpini kushoto. Aliposikia maneno yake mwenyewe, akaushusha mkono.

"Umeanza lini kuushika huo mpini?"

"Kabla sijaanza shule."

"Basi achana nao mpaka utakaporuka peke yako. Jumatatu ijayo ukinifanyia hivi tena, zamu yako nampa mwanafunzi mwenzako, Gladness."

Jumamosi, ufukweni Igogo, Mzee Okeyo alimsikiliza binti yake huku akisugua bega lake bovu.

"Kwa hiyo mtumbwi uliokusomesha sasa unakuharibu?"

"Si hivyo, baba. Leo endesha wewe. Mimi nitakaa mbele."

"Kama abiria wa kivuko? Tukuletee na soda?"

Lakini aliendesha. Kwenda hakukuwa na neno. Wakati wa kurudi mawimbi yaliamka, bega likamkataa, na mtumbwi ukaanza kuvutwa kwenye mawe.

"Achola, njoo ushike!"

Aliinuka. Alifika mpaka kwenye kreti za samaki, viganja vikimwasha, kisha akaketi hapo hapo juu ya mikono yake. Mzee alijikunja, akausukuma mpini kwa kifua. Jiwe likauparuza ubavu wa mtumbwi, ubao mmoja ukapasuka.

"Ungeshika," mzee alisema walipofika nchi kavu.

"Ningeshika, Jumatatu ningekosa zamu."

Mzee akatema mate majini. "Ubao huo utaugongelea misumari wewe."

Jumatatu upepo ulipiga vile vile. Magurudumu yakagusa, pua ikasukumwa kushoto, na mguu wa kulia ukakanyaga kabla Achola hajauwaza. Ndege ikanyooka juu ya mstari wa katikati. Akangoja Pius afungue mlango ateremke, amwachie.

Pius alikuwa anatazama mfuko wa kupimia upepo kwenye nguzo ya uwanja, umejaa na kulala mlalo.

"Umetua vizuri sana," alisema. "Lakini upepo huu si wa mtu anayeruka peke yake mara ya kwanza. Leo siwezi."

Achola alimkumbuka baba amejikunja juu ya mpini.

"Na kesho?"

"Kesho tutautazama upepo."

"Basi turuke tuzunguke tena."

"Umechoka wewe."

"Sijachoka, mwalimu. Nimekasirika."

Pius akamtazama, akakaza mkanda wake, akavuta miguu yake nyuma, mbali na pedali.