Mshipa Umevimba

Mama Namnyaki, jirani yetu hapa Ngarenaro, anadai kaka yangu Lesian alimvamia fundi Abdiel kama mwendawazimu, bila hata salamu, akampasua mdomo kwa spana. Spana ni kweli. Mengine hakuyaona, alikuwa ndani anakaanga vitumbua.

Mimi nilikuwepo, na kosa ni langu.

Jumatatu nilimpeleka Lesian hospitali. Kichwa kilimuuma wiki tatu, na mkono wa kushoto mapigo yalikuwa hayasikiki. Daktari alimpaka mafuta ya baridi shingoni, akapitisha kile kipimo cha picha, akanionyesha kwenye kioo.

"Unaona huu weusi unaozunguka? Ukuta wa mshipa umevimba. Damu ya kwenda kichwani inapita kwa shida." Akampa vidonge. "Asiruke hata siku moja. Akiruka, macho yanaweza kuzima."

Gerejini wanakofanya kazi Lesian na Abdiel, waliponiuliza anaumwa nini, nikajibu nilivyosikia: mshipa umevimba. Shingo sikuitaja. Na mtaani kwetu ukisema mwanaume kavimba mshipa, wote wanafikiria chini ya mkanda.

Jumatano asubuhi Abdiel alimwona Lesian anakuja, akatanua miguu, akatembea kama bata. "Oya, leteni toroli tumbebee mzigo wake!" Gereji nzima ikacheka. "Na shemeji je? Mwambie aje kwangu, mimi sijavimba!"

Spana ikatua mdomoni. Jino likarukia kwenye beseni la oili chafu. Abdiel akatema damu, akamkaba Lesian shingo kwa mikono miwili, akamgonga kisogo kwenye boneti, tena, tena, mpaka rangi nyeupe ikawa nyekundu. Nilimng'ata mkono huku nalia, "Siyo huko! Ni wa shingo! Mshipa wa shingo!" Akanipiga kiwiko cha pua, nikaanguka.

Polisi wakamchukua Lesian, maana ndiye mwenye spana.

Alhamisi saa sita mchana nilisimama kaunta na vidonge vyake. "Shikamoo afande. Tangu jana hajanywa."

"Weka hapo. Mkubwa akirudi."

Ndani ya mahabusu nikasikia mtu anapapasa nondo za mlango.

"Naisiae? Ni wewe? Mbona wamezima taa?"

Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye viatu vya afande.

"Afande, nakuomba, mfungulie. Nimrudishe hospitali sasa hivi."

Akavuta daftari, akalamba kidole, akawa anatafuta ukurasa.