Wavu wa Thabit

Mume wangu Thabit ana ugonjwa mbaya kuliko ngiri: mtu akiingia, yeye hawezi kubaki kakaa. Kwetu anayeingia huinukiwa, mkubwa kwa mdogo, lakini Thabit kazidisha. Hata muuza samaki akipiga hodi, yeye keshasimama, mkono kifuani.

Mara ya kwanza daktari wa Matrah alimshona ngiri yake kwa uzi mtupu. Tuliporudi nyumbani Maskati, wageni wakamiminika kumpa pole, na kila aliyeingia Thabit alimwinukia. Nikasema, nikagomba, wapi! Mshono ukafumuka, ngiri ikarudi kubwa kuliko mwanzo.

Mara ya pili daktari alinionyesha kipande cha wavu mweupe wa plastiki, una macho madogo madogo. Alisema nyama ya kinenani imechakaa, haishiki uzi tena. Wavu utawekwa ndani, nyama iote kupitia macho yake, vishikamane.

"Lakini alale mpaka nimwone tena," akasema. "Huu ukiachia, mimi sina la kufanya."

Basi nikaweka kiti mlangoni. Waliokuja niliwapa kahawa palepale, wakanywa, wakaninunia, wakaenda zao. Nilisemwa mji mzima. Waseme.

Kisha akaja Marhoon, kaka yake Thabit, aliyemlea tangu baba yao alipokufa kule Unguja. Alitoka Sidab kwa miguu, kavuka mlima na jua lote lile.

"Shemegi, Thabit kalala, haonani na mtu," nikamwambia.

"Hata mimi, niliyemlea?"

"Wewe hasa, shemegi. Kwako atainuka hata kama roho inamtoka."

Kahawa hakuigusa. Alisema, "Nisalimie," akashika njia. Roho iliniuma, wallahi, lakini sikumwita.

Wavu ulishika. Daktari alimkohoza Thabit, akambonyeza kinena, akacheka. Ijumaa yake tukaenda Sidab. Thabit alipanda mlima mikono inaning'inia, hajishiki kinena hata mara moja, na mimi nyuma yake nikimshukuru Mungu.

Marhoon alikuwa kakaa mkekani. Thabit akaingia, akatoa salamu.

Marhoon akaitika. Hakuinuka. Alinyoosha mkono palepale alipokaa, Thabit akainama akaubusu.

Tuliporudi Thabit alitangulia njiani. Ule mkono wake uliozoea kushika kinena ulikuwa ukifuta machozi. Lakini Marhoon angerudi mlangoni kwangu siku ile, ningemzuia tena.