Pijo Langu, Lori Letu

Mwaka ule tuliohamishiwa vijiji vya ujamaa, upande wa Kang'ata Mzigua mwenye gari la Pijo nilikuwa mimi peke yangu. Lilikuwa likipanda mlima wa Dindira kwa kasi, kivuli chake kikifika kesho yake. Usiponiamini muulize mke wangu Mwanaidi, naye haamini. Pijo ndilo lililokuwa shamba langu: asubuhi nikipeleka abiria Korogwe, jioni chungu kiko jikoni.

Basi lori la kijiji chetu likaligonga kwenye kona ya kuingia Korogwe. Dereva wake, Ernesti wa Lutindi, alikuwa upande wangu wa barabara. Boneti likajikunja kama chapati, rejeta ikapasuka. Ernesti akashuka, akalizunguka lori lake, akasema, "Pole sana, kaka Abdi. Twende kijijini, tutaelewana."

Mtu aliyekugonga akiwa mpole namna hiyo, shika mfuko wako.

Kesho yake nikaenda kulitazama lori. Bampa limenyooshwa, limepakwa rangi ya kijani. Nikaligusa, kidole kikanata.

"Mmepaka leo?"

"Tunajiandaa na Saba Saba," akasema Ernesti.

Saba Saba ilikuwa imepita wiki mbili.

Halmashauri ya kijiji ikakaa kusikiliza dai langu: nitengenezewe gari. Katibu alikuwa Mhina, Msambaa, mtani wangu. Rosina alikuwa karani, akiandika muhtasari. Nikainua kidole changu cha kijani, nikasema ushahidi huu hapa.

"Mzigua amekula mlenda, hakunawa," akasema Mhina. Watu wakashika mbavu. Kisha akauliza taratibu, "Mtani, lori hili ni la nani?"

"La kijiji."

"Na wewe si mwanakijiji? Basi umejigonga mwenyewe!"

Utani haujibiwi kwa kununa, anayenuna ameshindwa. Nikasimama. "Kweli kabisa! Lori letu, Pijo letu, hata wewe Msambaa ni mali yetu, tulikuokota sokoni Korogwe umekosa mnunuzi!"

Tukacheka sote, isipokuwa Rosina. Kalamu yake ilikuwa inakimbia.

Siku ya tatu Mhina akaniita ofisini. "Habari njema, mtani. Kijiji kitalitengeneza Pijo. Weka sahihi hapa."

Nikasoma polepole, maana mimi kusoma nilijifunza kwenye magunia ya mbolea, na gunia halina haraka. Iliandikwa: Ndugu Abdi amekiri kikaoni kwamba Pijo ni mali ya kijiji.

"Mtani, si tulikuwa tunataniana?"

"Unaniuliza kama mtani au kama katibu?"

"Vyote viwili."

"Kama mtani, tulicheka sana. Kama katibu, sijui. Rosina haandiki kicheko."

Kumbe! Nikaona sasa upole wa Ernesti ulikuwa unaelekea wapi. Pijo likitengenezwa kwa karatasi ile, kesho linabeba mahindi ya kijiji, na mimi naomba lifti ndani yake. Nikamgeukia karani.

"Dada Rosina, hebu usome muhtasari wote wa kikao. Usiruke hata mstari."

Rosina akakohoa, akasoma. "Ndugu Abdi amekiri kwamba Pijo ni mali ya kijiji. Ameongeza kwamba katibu, Ndugu Mhina, naye ni mali ya kijiji, aliokotwa sokoni Korogwe akiwa amekosa mnunuzi. Hakuna aliyepinga."

"Na muhuri?"

"Umeshapigwa."

Mhina akaacha kutabasamu. "Huo mstari wa pili futa."

"Ukifuta mmoja, futa yote miwili. La sivyo naupeleka wilayani Handeni hivyo hivyo, wakuandike ghalani pamoja na majembe."

Mhina akamtazama Rosina, Rosina akatazama dirishani. Ikafutwa yote. Ukaandikwa mstari mpya: kijiji kitampa Ndugu Abdi rejeta na boneti kwa ajili ya gari lake. Nikausoma mara tatu, nikaigeuza karatasi nikaangalia na mgongo wake, ndipo nikaweka sahihi.

Rejeta ikaja wiki ile ile, nikarudi barabarani. Boneti sikuliona. Nilipomfuata Mhina, akanishika bega na kuniambia kwamba hilo la boneti, mtani wangu, lilikuwa utani.