Alama za Pembe Mgongoni

Nilipofunua mgongo wa Kemilembe nimchome ganzi ya upasuaji wa kujifungua, niliirudisha sindano kwenye sinia. Madoa meusi, ya mviringo, yalikuwa yametapakaa mabegani.

"Haya yametoka wapi?"

"Yamekuja yenyewe, daktari."

Jibu baya kuliko yote. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa zimepungua, lakini zilitosha kwa sindano ya mgongo, mradi damu isiwe inavuja popote. Kama inavuja yenyewe chini ya ngozi, itavuja na kwenye uti wa mgongo, na binti wa watu atarudi kwao Kimwani akibebwa, miguu imekufa. Nusu kaputi nayo niliiogopa: presha ya mimba ilikuwa imemvimbisha koo, huenda nikamlaza nikashindwa kupitisha mpira wa hewa. Na mtoto tumboni alikuwa anachoka.

Nilitoka nikiwa nimefura. Mama mkwe wake, Ma Consolata, alisimama mlangoni amekumbatia kanga ya mtoto. Walipofika Bukoba asubuhi na gari la wagonjwa, nilimfokea mbele ya wodi nzima kwa chupa ya dawa za kienyeji aliyokuja nayo.

"Mama, mkamwana wako ana madoa mgongoni. Kama ni ugonjwa, simchomi."

Alitazama chini. "Utanifokea tena?"

"Sikufokei. Niambie."

"Ni mimi. Mgongo ulimsumbua, juzi nikamuumika kwa pembe, nimtoe damu mbaya. Nikamkataza asikuambie."

Nilirudi mbio, nikavuta taa karibu. Katikati ya kila doa kulikuwa na chale ndogo za wembe, zimekauka kabisa. Damu isiyoganda isingekauka hivyo. Kiunoni, mahali pa sindano, ngozi ilikuwa safi. Nikachagua sindano nyembamba kuliko zote, nikamchoma mara moja.

Mtoto alilia vizuri. Mimi sikucheka. Ganzi ina muda wake wa kuisha, na isipoisha ndiyo balaa lenyewe. Nilikaa miguuni pa kitanda na Ma Consolata, kila mmoja ameshika unyayo mmoja wa Kemilembe.

"Kemi, tikisa vidole."

Vidole havikusogea.

"Tikisa, mwanangu," mama mkwe akasema.

Kidole gumba cha upande wake kikacheza. Akaangua kilio cha furaha. Upande wangu haukusogea. Nilifinya ule unyayo, nikamwomba Mungu bila aibu.

Kisha Kemilembe akanipiga teke la tumbo, na sijawahi kushukuru teke namna ile.