Mashine Isiyonguruma

Mzee Genivaldo alijenga maghorofa ya São Paulo miaka thelathini na minane, na mwisho wa yote akaja kulala kwenye chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya saba, kitanda chake hatua tatu kutoka meza ya bintiye. Ndiyo dunia, mwashi haishi ndani ya alichojenga. Ugonjwa ulimwanzia mahali ambapo wanaume hawapendi kuchunguzwa, akauficha mwaka mzima, na ulipokuja kujulikana ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye mifupa. Madaktari wakamrudisha nyumbani. Hawakusema akafe, walisema akapumzike.

Bintiye Ivonilde alikuwa akichora nyumba ambazo hazijajengwa. Kampuni za ujenzi zilimpa ramani, naye kwa kompyuta yake akazigeuza picha: sebule iliyojaa jua, jiko lenye bakuli la malimau, mtoto anayekimbia kwenye baraza ambalo hata msingi wake haujachimbwa. Akimaliza kuchora, mashine ilibaki na kibarua cha kukokotoa mwanga na kivuli cha kila picha, saa baada ya saa, na kazi hiyo wenyewe huiita kupika. Mashine yake ilikuwa ya zamani, kasha jembamba la bati na feni ndogo. Ikianza kupika ilinguruma kama kinu cha kukoboa mpunga, glasi zikatetemeka kabatini.

Kila asubuhi, akishalishwa kuskusi yake ya mahindi, ambayo siku hizo ilikuwa vijiko viwili tu, mzee aliuliza, "Leo unapika, Nilde?"

Akijibiwa ndiyo, alitikisa kichwa na kugeukia ukutani. Akijibiwa hapana, alitikisa kichwa vilevile. Ivonilde alilielewa swali hilo kwa njia moja tu: kelele zinamkera baba, na haya inamzuia kusema. Mzee alikuwa mtu wa bara kavu la Paraíba, huko ambako mwanamume hujikaza kisabuni, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika, hata siku tofali lilipomvunja vidole viwili vya mguu.

Muuguzi wa zahanati aliyekuja kila Alhamisi alisema mgonjwa anahitaji utulivu. Neno hilo lilimkaa Ivonilde moyoni. Kwenda kufanyia kazi kwingine hakuweza, maana nani angemgeuza mzee kila baada ya saa mbili? Kuacha kazi ndiyo kabisa, kwani dawa hazinunuliwi kwa dua. Na kampuni nayo ilikuwa imechoka na picha zinazokaa tu, sasa ilitaka filamu, mtu apite chumba hadi chumba kama aliyealikwa. Mashine ile kuukuu isingeweza. Basi akaamua atafute moja yenye nguvu mara kumi, na isisikike. Baba apate siku zake za mwisho katika kimya. Hilo peke yake ndilo aliloona bado anaweza kumpa.

Alimwacha mzee na jirani, akashuka mtaa wa Santa Ifigênia, mahali ambapo kila kitu chenye waya huuzwa. Wapiga debe walikuwa wamejipanga kando ya barabara kama kawaida yao.

"Dada, unatafuta nini? Simu, chaja, mume? Simu na chaja ni tele, mume amebaki mmoja."

"Huyo mmoja ana waranti?" Ivonilde aliuliza bila kusimama.

"Miezi mitatu, na harudishwi!"

Alicheka, akashangaa kusikia kicheko chake. Kilikuwa na siku nyingi hakijatoka.

Ndani kabisa ya jengo moja la vibanda, baada ya wauza spika na wauza kamera za ulinzi, alimkuta Bi Kimie. Huyu alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjukuu wa watu waliotoka Japani kuja kuchuma kahawa, mfupi, nywele zimekatwa kama za mvulana. Mtaa mzima ulijua kwamba Bi Kimie haundi mashine za kelele. Mteja akitaka zile zenye taa za rangi na mvumo, alimwonyesha kibanda cha jirani bila kuinua macho.

Ivonilde alimweleza shida yake. Bi Kimie hakuuliza ana kiasi gani. Aliuliza chumba kina ukubwa gani, meza iko wapi, kitanda kiko upande gani, na mgonjwa hulalia sikio lipi. Kisha akaanza kuchagua, polepole kama mtu anayechagua mchele.

Prosesa alichukua yenye nguvu sana, lakini akasema ataifunga mkanda kidogo, isipewe umeme wote inaoutaka, maana nguvu ya mwisho ndiyo hula moto mwingi na kuleta faida ndogo. Juu yake akaweka kipooza joto kikubwa kama tofali, mapezi ya chuma yamepangwa kama kurasa za kitabu, na feni mbili pana. Feni pana huzunguka taratibu, alisema, ndogo ndiyo hupiga kelele kama mtu mfupi kwenye mkutano. Kisanduku cha umeme akachagua kikubwa kuliko kinachohitajika, ili kisitoke jasho na feni yake ilale muda mwingi. Kadi ya picha aliibadilisha mara tatu. Diski za kuzunguka alizikataa kabisa. Kasha lilikuwa zito, kuta zake zimebandikwa sufi nene kwa ndani, na kila kilichofungwa kwa skrubu alikiwekea mpira.

Kazi ilipoisha wakabaki na tatizo moja la mtaa ule: huwezi kusikia kimya pale. Ndiyo maana Bi Kimie alikuwa na desturi yake. Aliibeba mashine mpaka stoo, chumba cha maboksi matupu kilichojaa hadi dari, akafunga mlango, akaipa kazi nzito, wakakaa sakafuni wawili wale bila kuzungumza kwa robo saa. Ivonilde hakusikia kitu. Aliona taa ndogo tu inawaka.

"Sasa nikuambie jambo," Bi Kimie alisema wakati wa kutoka. "Kelele hukaa tabaka kwa tabaka. Ukiondoa ya juu, ya chini yake inajitokeza, na hiyo hukuwahi kuijua. Ukisikia chochote, nirudishie."

Nyumbani mzee alitazama kasha jeusi likiwekwa mezani. Akauliza kama imewaka.

"Imewaka, baba. Inapika sasa hivi."

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo uzuri wake."

Mzee aliitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama ukuta uliojengwa na fundi mwingine. Akasema ni nzuri, kisha akageuka. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kama anapika. Alilala kimya, amefumba macho, mchana kutwa. Muuguzi alipokuja, Ivonilde alimwambia kwa furaha kwamba baba analala kama mtoto, na muuguzi akasema bahati iliyoje. Filamu ya kwanza ilikwenda kwa kampuni kabla ya siku yake. Jambo moja ndani ya nyumba hiyo lilikuwa limefanikiwa, na Ivonilde alilishikilia kama mtu aliyeshika ukingo wa boti.

Siku ya nne akasikia mlio.

Ulikuwa mwembamba sana, unapanda, unakatika, unarudi, kama waya unaovutwa. Aliujua ugonjwa huo: wakati mwingine vipande vya ndani vinavyopitisha umeme hulia hivyo vikibebeshwa mzigo. Akaweka sikio kwenye kasha, mlio ukakatika. Akarudi kitini, ukarudi. Akafungua kasha, akazuia feni moja kwa kidole, kisha nyingine. Akapunguza kazi, akaongeza kazi. Alijaza karatasi nzima kwa saa na dakika, akitafuta mpangilio, na alichogundua ni kwamba ulizidi muda mfupi kabla ya dawa na ulizidi tena baada ya kumgeuza mzee. Hilo hakulitilia maanani. Alidhani saa hizo ndizo umeme wa jengo huchezacheza, kwa kuwa watu wa ghorofa za juu huwa wanapika chakula.

Akafungua kisanduku cha umeme, akakirudisha Santa Ifigênia. Bi Kimie hakubisha, alimpa kingine cha aina bora zaidi. Mlio haukuondoka. Akarudi tena, safari hii amebeba kadi ya picha mkobani, macho mekundu, akasema kwamba ameshindwa, kwamba baba yake anakufa na yeye hata kimya cha chumba kimoja hawezi kukipata.

Bi Kimie aliigeuzageuza kadi mkononi, akamrudishia.

"Umeisikiliza mashine ikiwa imechomolewa?"

"Ikichomolewa italiaje?"

"Ndiyo nakuuliza." Akaeleza kwamba huo ndio mwanzo wa kazi yake, na kosa ni lake, angemwambia siku ya kwanza. Kabla ya kulaumu kipande chochote, unachomoa waya na kusikiliza chumba kitupu. Watu wamemletea mashine nzima kumbe kinacholia ni friji.

Ivonilde alirudi. Mzee alikuwa amelala, uso ukutani. Akairudisha kadi mahali pake, akaiwasha mashine, akasubiri mlio uje. Ulipokuja aliinama chini ya meza, akachomoa waya ukutani. Taa ikazimika. Feni zikasimama. Akakaa sakafuni, magoti kifuani, akasikiliza.

Mlio ulikuwepo.

Ulipanda, ukakatika, ukarudi, na ulitoka kitandani. Alitambaa mpaka ubavuni mwa kitanda. Mzee alikuwa amefumba macho, na katikati ya meno yake palikuwa na pembe ya taulo, imeloa, imetoboka, ina doa la damu. Pumzi ilitokea puani kwa shida, nyembamba kama uzi. Hakuwa amelala. Pengine siku zote hizo hakuwa amelala.

"Baba."

Alifumbua macho. Alijaribu kulificha taulo chini ya shuka, mkono ukachelewa.

Ivonilde alisema mambo mengi kwa mara moja, kwamba atampigia muuguzi, kwamba dawa iongezwe leo hii. Mzee akakataa. Dawa ile ikizidi, alisema, inamfutia watu. Juzi alimwona mwanamke chumbani na hakujua ni nani, na mwanamke huyo alikuwa yeye Nilde. Afadhali maumivu, hayo angalau anayajua.

"Basi ungelia, baba. Kuna nani hapa? Mimi tu."

"Ndiyo. Wewe." Alipumzika. "Ile ya zamani ilikuwa na ngurumo nzuri. Mtu alikuwa anajisitiri nayo."

Hapo Ivonilde akaelewa swali la kila asubuhi. Mzee alikuwa akiuliza ili ajue siku yake itakuwaje. Siku ya kupika angeweza kugeukia ukuta na kulia kwa maumivu apendavyo, kwa saa nne au tano, hakuna wa kumsikia. Siku isiyo ya kupika ilikuwa ya kujibana. Na bintiye, kwa mapenzi yake yote na kwa kuchagua kwake kote, alikuwa amezifanya siku zote kuwa za kujibana.

Mashine ya zamani alikuwa ameshaiuza kwa vipande. Akaiwasha mpya, akazipa feni kasi ya mwisho. Ukatoka upepo tu, kama mtu anayepuliza chai. Bi Kimie alikuwa amechagua vizuri mno.

Kesho yake alikuwa tena kibandani. Aliomba feni za kelele, zenye kelele kuliko zote. Bi Kimie alianza kucheka, akidhani ni utani, kisha akamtazama usoni na kicheko kikamwishia. Aliinama chini ya kaunta, akavuta boksi la vitu vilivyotolewa kwenye mashine kubwa za benki, feni nene fupi za chuma, akaziunganisha na umeme moja moja, kila moja akiisogeza sikioni mwake. Wapita njia waligeuka. Muuza spika wa jirani akapaza sauti kuuliza kama Bi Kimie anafungua kiwanda cha mbao. Bi Kimie alichagua tatu, akazifunga vizuri kwenye karatasi.

"Hizi usiziwekee mpira," alisema. "Zifunge chuma kwa chuma."

Ivonilde alizifunga siku hiyohiyo, chuma kwa chuma. Chumba kikajaa mvumo. Glasi zikaanza tena kutetemeka. Alimgeuza mzee, akampangusa uso, akamwekea taulo safi pembeni, akavaa vifuniko vyake vya masikio vya kusikilizia muziki ingawa muziki wenyewe hakuuwasha. Akakaa mezani, amempa baba yake mgongo, kama adabu ilivyotaka. Kwenye skrini palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na ukumbi mrefu katikati, kila chumba na mlango wake.

Muda mfupi baadaye, chini ya ngurumo yote ile, akausikia. Sasa haukuwa mwembamba. Mzee alikuwa ameuachia. Mtu mwingine asingeweza kuubagua katika kelele zile, lakini Ivonilde alikuwa ameshinda siku nyingi akilifundisha sikio lake sauti hiyo moja, na sikio likishafundwa halifunduliwi. Hakugeuka. Aliendelea kusogeza kiti cha sebuleni, mara huku, mara kule, akitafuta kitakaa wapi ili jua la dirishani likipate.

Picha ziliiva saa sita mchana. Aliiacha mashine ingurume mpaka jioni.